Kinachotafutwa na Kinachosukumwa

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanachama wa chama chetu cha waandishi, baada ya kuwawakilisha katika kongamano la wanablogu na watumiaji wa mitandao ya kijamii. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha, kwa kuwa hazikuongeza lolote ambalo maneno hayakulisema.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi vijana ambao naona mmechagua viti vya nyuma karibu na soketi za umeme, nawasalimu nyote.

Mlinituma, nikaenda, na sasa nimerudi na majibu. Wapo watakaoyafurahia na wapo watakaokunja nyuso, lakini mjumbe hauawi. Sitawasomea ratiba ya kongamano, wala sitawatajia nani alizungumza baada ya nani. Nataka niwaeleze jambo moja ambalo jukwaani lilitajwa kwa nadra, ilhali kwenye korido, wakati wa chai, watu hawakuzungumza lingine. Mambo tunayoandika mtandaoni ni ya namna mbili. Kuna kinachosukumwa kwa msomaji, akitaka asitake, na kuna kinachotafutwa na msomaji mwenyewe kwa sababu anakihitaji. Karibu kila mada niliyoisikia ilifundisha namna ya kusukuma. Mimi nimerudi nikiamini kwamba chama hiki kinapaswa kujifunza kuandika kinachotafutwa.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu mikutano ya namna hii, maana nilisikia minong'ono kwamba kwenda kuwasikiliza wanablogu ni kupoteza siku. Mnamo Desemba 2004 wanablogu kutoka nchi mbalimbali walikutana katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, na mkutano huo ndio uliozaa Global Voices, mradi ulioanzishwa na Rebecca MacKinnon na Ethan Zuckerman, ambao husambaza na kutafsiri maandishi ya wanablogu wa dunia katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Agosti 2007 Chris Messina alipendekeza kwenye Twitter kwamba alama ya reli (#) itumike kukusanya mazungumzo ya kundi moja, na mfano alioutoa ulihusu mkutano wa wapenzi wa teknolojia, ule ambao washiriki wenyewe hupanga mada wanapofika. Wenye kampuni hawakulichangamkia wazo lile. Watumiaji ndio waliolishika, na ilipofika mwaka 2009 kampuni nayo ikaridhia kuifanya alama hiyo iweze kubofywa. Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiidharau mikutano hii. Mengi tunayoyatumia kila siku yalianza kwa watu kama sisi kuketi pamoja na kubishana.

Sasa nije kwenye suala lenyewe, nikianza na swali ambalo nawaomba mlibebe hadi mwisho: ni nani anayehesabu?

Nauliza hivyo kwa sababu siku nzima jukwaani hapakutajwa kitu zaidi ya idadi. Wafuasi wangapi, waliotazama wangapi, waliopenda wangapi, waliosambaza wangapi. Kijana aliyefungua mada za asubuhi alituonesha mchoro wa wafuasi wake ukipanda kama mtu anayepanda ngazi bila kupumzika, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nami nilipiga makofi, kwa kuwa kijana yule ni mchapakazi na hakuna aliyempa wafuasi wale bure. Baada ya makofi mzee mmoja, mwanahabari mstaafu, akainua mkono akauliza: "Mwanangu, kesho ukiamua kuhamia mahali pengine, hao wote utawaambiaje?" Kijana alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa ukweli ulionifurahisha kuliko mchoro wake wote. "Mzee wangu, sina njia ya kuwaambia wote. Hata leo nikiandika, si wote wanaoona."

Si wote wanaoona! Je, wangapi kati yetu tunalijua hilo? Tunadhani mtu akitufuata basi tukiandika anasoma. Hivyo sivyo mitandao inavyofanya kazi. Kwa miaka yake ya mwanzo Instagram ilipanga picha kwa wakati, ya mwisho kuwekwa ikawa ya kwanza kuonekana. Mwaka 2016 ikaanza kuzipanga kwa kukisia kile ambacho kila mtazamaji angependa kuona. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, na kwamba machapisho ya kurasa za biashara na vyombo vya habari yataonekana kwa uchache zaidi. Hakuna mwenye ukurasa aliyeombwa kura. Mtu aliyekuwa amekusanya wafuasi kwa miaka aliamka akakuta wafuasi wako palepale, idadi ni ileile, lakini sauti yake haiwafikii tena kama jana, isipokuwa alipie.

Hata hesabu yenyewe ina kisa chake. Mnamo Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili wastani wa muda ambao watu walitumia kutazama video ulikuwa ukitolewa kwa kiwango kilichozidi ukweli. Walifanyaje? Katika kutafuta wastani, waliwahesabu wale tu waliotazama kwa zaidi ya sekunde tatu, na wale waliopita haraka wakawaacha nje. Katika miaka hiyohiyo vyombo vya habari kadhaa viliamini kwamba wasomaji wameyakimbia maandishi, vikapunguza waandishi na kuajiri watu wa video. Wenye biashara waliokuwa wakilipia matangazo, ambao waliishitaki Facebook, walifikia mapatano ya kulipwa dola milioni 40 mwaka 2019. Sisemi kwamba kosa lile peke yake ndilo lililowaondoa waandishi kazini. Ninachosema ni kwamba anayekubali kupimiwa kwa mizani ya muuzaji asishangae kilo ikipungua.

Ndiyo maana narudia: ni nani anayehesabu? Anahesabu nini? Na kwa faida ya nani? Mwandishi asiyeweza kujibu maswali hayo ataandika ili kuifurahisha namba ambayo hajui imetoka wapi.

Waheshimiwa, wakati wa chai nilisimama karibu na mama mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha ya watoa mada. Ni fundi wa cherehani. Sizungumzii kushona, yeye hutengeneza cherehani zilizoharibika. Nilimuuliza anablogu kuhusu nini, akatoa mkobani daftari la kawaida lenye mistari, kona zake zimejikunja na jalada lina doa la mafuta ya mashine, akanifungulia. Kila ukurasa ulikuwa na swali moja juu, limeandikwa kwa maneno yaleyale ya mteja aliyeuliza, halafu chini yake tarehe, halafu jibu. "Kwa nini uzi unajikusanya chini ya kitambaa?" "Kwa nini sindano inakatika nikishona jinzi?" "Mashine yangu inaruka, haishoni kila mahali, tatizo ni nini?"

Akanieleza hilo la uzi, nami nawapa kama alivyonipa. Mtu akiona uzi umejisokota chini ya kitambaa, hukimbilia kuulaumu uzi wa chini, akakaza skrubu ya kibweta chake hadi akaiharibu. Kumbe mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vidogo vinavyoubana. Ule mguu unaokandamiza kitambaa ukiwa umeshushwa, visahani vile huwa vimefungana, na mtu akipitisha uzi wakati huo, uzi hauingii kati yake. Huelea juu juu. Basi mashine inaposhona hakuna kinachouvuta uzi wa juu, unashuka wote chini na kujikusanya. Dawa yake ni kuuinua mguu kwanza, ndipo upitishe uzi upya. Hakuna kipuri cha kununua, hakuna fundi wa kumlipa.

Nikamwambia, mama, kwa kuwapa watu jibu hilo si unajinyima kazi? Akacheka. Akasema wanaosoma jibu lile wakafaulu humwamini, na siku mashine ikiharibika kweli wanajua pa kuipeleka.

Kisha akanionesha simu yake. Makala ile ya uzi aliiandika miaka kadhaa iliyopita, na ndiyo inayosomwa kuliko zote alizowahi kuandika. Si kwa kishindo. Kila siku watu wachache wanakuja, kesho wengine wachache, hakuna siku isiyokuwa na mtu. Ameweka pia kwenye mtandao wa kijamii video fupi ya cherehani kuukuu aliyoing'arisha hadi ikawa kama mpya. Ile ilitazamwa na umati kwa muda wa siku mbili, ikapata maoni ya "hongera" na alama za moto, kisha ikanyamaza kabisa, wala hakuna aliyeitazama tena. Nikamuuliza ipi imemletea wateja. Hakujibu kwa maneno. Aliweka kidole juu ya daftari.

Ndugu zangu, hapo ndipo tofauti ninayoizungumzia inapoonekana. Video ilisukumwa kwa watu ambao wakati ule walikuwa wakingoja basi au wakijinyoosha kitandani, na hawakuwa na shida ya cherehani. Makala ilitafutwa na mtu ambaye mashine imemgomea, nguo ya watu iko mezani, na mwenye nguo anakuja jioni. Msomaji yupi ni wa thamani? Msomaji yupi atakukumbuka? Na je, sisi tunapoketi kuandika, tunamwandikia yupi?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, lakini mtandaoni nusu ya kwanza ya methali hiyo haisimami yenyewe. Mtambo wa kutafutia hupita ukurasa kwa ukurasa, husoma maneno yaliyomo na kuyaweka katika faharasa kubwa, na mtu anapouliza, hulinganisha maneno yake na yale yaliyohifadhiwa. Makala nzuri yenye kichwa cha fumbo, tuseme "Machozi ya Chuma", haitapatikana na mtu anayeuliza kwa nini uzi unajikusanya. Ndiyo maana mama yule hakuhangaika na madoido. Swali la mteja ndilo kichwa cha makala. Jibu liko katika aya ya kwanza. Maelezo yanafuata kwa anayetaka kujua sababu. Picha moja ya sindano kwa karibu, iliyopunguzwa ukubwa ili isimalizie mtu bando. Akijifunza jambo jipya baadaye, haandiki makala nyingine; anarudi kwenye ileile, anaongeza na kuweka tarehe. Sisi waandishi tunaopenda vichwa vyenye ushairi (na mimi ni mmoja wao, wala sitaacha) tuna la kujifunza hapo.

Mama yule haichukii mitandao ya kijamii, na ningekuwa namsingizia nikiwaacha mfikiri hivyo. Akimaliza kuandika hutoa aya moja, akaiweka huko pamoja na kiungo. Mtandao wa kijamii kwake ni mahali pa kupiga mbiu. Kilichoandikwa kinakaa kwenye blogu.

Na kingine alichoniambia ndicho kilichonifanya niombe nafasi ya kuzungumza nanyi leo. Alipoanza, alikuwa yeye mwenyewe akitafuta majibu kwa Kiswahili, na mtambo ukamletea matangazo ya kuuza cherehani. Matangazo tu. UNESCO inakadiria kwamba Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo ikifika tunaandika mashairi ya kuisifu lugha, na mashairi ni mazuri, lakini mtu anayetafuta kwa Kiswahili namna ya kusoma matokeo ya kipimo cha damu, au namna ya kuandika wosia, au kwa nini mashine yake inaruka mishono, anakuta nini? Mama mweka hazina, wewe umefundisha hesabu hadi ukastaafu. Ni wanafunzi wangapi wanauliza usiku huu swali la sehemu ambalo wewe ungelijibu kwa mistari mitano? Mzee wetu, wewe uliyepiga chapa magazeti enzi za herufi za madini ya risasi, nani mwingine ataandika jinsi kazi ile ilivyofanyika? Nyenzo si tatizo tena. Mwaka 1994, Justin Hall, mwanafunzi wa chuo nchini Marekani, alipoanza kuandika maisha yake kwenye wavuti, ilimbidi ajue kuandika msimbo wa kurasa. Blogger ilipokuja mwaka 1999 na WordPress mwaka 2003, ulazima huo ulikwisha. Anayeweza kuandika barua pepe anaweza kuchapisha.

Pengine kuna anayesema moyoni kwamba wasomaji wachache hawabadilishi kitu. Naomba nimkumbushe Januari 2008. Kenya ilikuwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, na mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akiandika katika blogu yake taarifa alizokuwa akizipata. Taarifa zikamzidi, akauliza humo humo kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonesha matukio yanapotokea. Miongoni mwa waliosoma walikuwamo watu wenye ujuzi huo, na katika siku chache programu ya ramani iitwayo Ushahidi ikawa imezaliwa. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Jiulizeni: kilichofanya kazi pale ni wingi wa wasomaji, au ni kwamba waliosoma walikuwa wale hasa waliohitajika kusoma?

Nigusie kwa ufupi upande wa giza wa kusukuma, maana katika kongamano lilitengewa kipindi kizuri kuliko vingine vyote. Mwezeshaji alitutumia picha ya mafuriko kwenye kundi la simu na kutuambia imetoka leo asubuhi. Kabla hajamaliza sentensi ya pili, washiriki kadhaa walikwisha kuisambaza, na mmoja alishaongeza maneno ya pole. Ndipo akatuonesha kwamba ni picha ya miaka mingi nyuma, ya mahali pengine kabisa. Akatufundisha kuitafuta picha kwa kutumia picha yenyewe, kutazama magari yanapita upande gani wa barabara, maandishi ya mabango yako kwa lugha gani, vivuli vinaelekea wapi na kama vinaafikiana na saa inayodaiwa. Watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walichapisha katika jarida la Science mwaka 2018 uchambuzi wa habari zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakaona kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na kwamba waliokuwa wakiupa uongo kasi hiyo ni binadamu, si programu za kujiendesha. Binadamu. Watu waliosoma, wenye nia njema, wenye huruma, kama yule aliyeongeza maneno ya pole.

Kuhusu fedha nitasema maneno machache tu, kwa sababu wengi wetu hatujafikia kutafutwa na wadhamini. Dada mmoja anayeandika kuhusu vifaa vya watoto alieleza kwamba kila anapolipwa kuandika, mstari wa kwanza wa makala husema: "Nimelipwa kuandika makala hii." Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliwawekea wanablogu mwongozo wa kutaja malipo tangu Desemba 2009, lakini yeye hakungoja mwongozo wa mtu. Akaulizwa kama wasomaji hawamkimbii. Akasema wasomaji wamebaki. Waliomkimbia ni baadhi ya wadhamini. Ukumbi ulicheka, naye hakucheka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa nifike kwenye sehemu inayokihusu chama moja kwa moja, nayo ni swali la wapi tunaweka kazi zetu.

Mnajua kwamba jitihada ya watu wengi iliyomo mtandaoni imekwisha kufutwa, tena mara nyingi? Miaka ya tisini mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza kwenye GeoCities. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga. Watu wa kujitolea wa kundi la Archive Team walihangaika kunakili walichoweza kabla taa hazijazimwa, na kilichobaki kikapotea. Mwaka 2013 Google ilifunga Google Reader, ambayo wasomaji wengi wa blogu waliitegemea kufuatilia maandishi mapya, na wanablogu wakawapoteza wasomaji ambao hawakuwa na ugomvi nao wowote. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa siku nyingi, ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda hazipatikani tena, baada ya kazi ya kuhamisha seva kwenda kombo. Inakadiriwa kwamba nyimbo zaidi ya milioni 50 zilikwenda. Internet Archive, maktaba ya kuhifadhi mambo ya mtandaoni, ilifaulu kupata takriban 490,000, kwa sababu tu kuna watafiti waliokuwa wamezinakili mapema kwa shughuli zao. Hakukuwa na vita wala moto. Ilikuwa kazi ya kawaida ya kuhamisha vitu kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Na hasara haihitaji kampuni kubwa ndipo itokee. Kwenye meza ya chakula cha mchana nilikaa na bwana mmoja anayekusanya kumbukumbu za timu za mpira za vijana: orodha za wachezaji, picha za makocha, matokeo ambayo hakuna gazeti lililoyaandika. Zote alikuwa ameziweka kwenye ukurasa wa mtandao wa kijamii. Siku moja akapata ujumbe ulioonekana kama umetoka kwa rafiki, ukimwomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake. Akaitoa. Kufikia jioni ukurasa ulikuwa ukiuza miwani ya jua. Aliandika malalamiko, akajibiwa na mashine, akaandika tena, akajibiwa na mashine ileile. Nilimuuliza kama alikuwa na nakala. Akasema baadhi ya picha bado wanazo wazazi wa wachezaji, naye anapita nyumba kwa nyumba kuziomba upya.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mtoa mada aliyeligusa, nami nalisema hapa bila kuficha. Mwanablogu akifa, nani ana ufunguo? Wapo waandishi ambao blogu zao zilitoweka baada ya wao kufariki, kwa sababu malipo ya jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, yalikoma, na familia haikujua nywila, wala haikujua kwamba kuna kitu cha kulipia. Wajane na watoto walijua baba anaandika. Hawakujua anaandikia wapi.

Kwa hiyo nina maombi kwa kikao hiki, na kwa kuwa yote yanahitaji uamuzi wenu, nayataja ili yaingie kwenye kumbukumbu. Chama kisajili jina la kikoa, na lisajiliwe kwa jina la chama. Si langu, si la katibu, wala si la kijana yeyote anayejua kompyuta kutuzidi. Nywila zihifadhiwe na watu wawili waliochaguliwa na mkutano, kila akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na hakikisho la pili), na wawili hao wakiachia madaraka wakabidhi funguo mbele ya kamati kama wanavyokabidhi vitabu vya fedha. Kila makala inayochapishwa iwe na nakala kwenye diski nje ya mtandao. Tuanze kukusanya barua pepe za wasomaji wanaoridhia, ili siku tukihama tuwe na njia ya kuwaambia, tofauti na yule kijana wa mchoro. Mwisho, kila mwanachama aje mkutano ujao na swali moja ambalo watu humuuliza mara kwa mara katika kazi yake, akiwa ameliandika kwa maneno ya muulizaji, pamoja na jibu lake. Tutachapisha hayo kwanza, kabla ya mashairi.

Najua hilo la mashairi litaleta ubishi, na naona mikono imeanza kuinuka. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba maswali yaanze na wale walioketi karibu na soketi.